Barua ya wazi kuhusu njia za Mlima Elgon: mgeni aambiwe ukweli kabla hajafunga viatu

Kwa wakuu wa hifadhi ya Mlima Elgon, kwa viongozi wa wilaya zinazouzunguka mlima huu upande wa Uganda, na kwa wote wenye kauli katika wizara ya utalii.

Waheshimiwa, salaam.

Ninaomba jambo moja tu, tena halihitaji jiwe la msingi wala utepe wa kukata. Njia zetu za miguu zipangwe kwa viwango vya ugumu, kwa kipimo kimoja, na kiwango hicho kiandikwe kwenye kibao pale njia inapoanzia, ili mtu ajue anaingia wapi kabla hajaingia. Nikisema njia zetu, nazihesabu zilizo ndani ya hifadhi pamoja na zilizo vijijini, kwa sababu mguu wa mgeni hauujui mpaka wenu.

Mimi ni mwongozaji wa wageni hapa Sipi. Haya ninayoyaandika tunayazungumza sisi kwa sisi kila jioni tukiosha gambuti, na kwa kuwa maneno ya jioni hayafiki ofisini, nimeona niyatie kwenye karatasi.

Mtu akiutazama mlima huu kutoka Kampala huona vitu viwili. Huona maporomoko ya Sipi, ya kupigia picha na kurudi garini. Kisha huona kilele cha Wagagai, mita 4,321 juu ya usawa wa bahari, cha watu wa mahema, wapagazi na siku nne au tano porini. Kilichopo katikati hakimjii akilini, wala matangazo hayamsaidii. Ni wangapi wanaojua kwamba Kapkwai, ndani ya hifadhi na si mbali na Sipi, kuna mizunguko ya kilomita 3, 5 na 7 ambayo mtu anaimaliza na kurudi kula chakula cha mchana? Ule mfupi unapanda taratibu hadi kwenye ukingo wenye mandhari. Ule wa kilomita 5 unapitia maporomoko ya Chebonet. Ule wa 7 unakufikisha kwenye mianzi. Na aliyelala Mbale, ni nani humwambia kwamba anaweza kupanda ukingo wa Wanale ulio juu ya mji asubuhi, akaona pango la Khauka, na usiku akalala kitanda kilekile alichoamkia?

Baba na mama wenye watoto wawili, mwalimu mstaafu, kijana wa ofisini ambaye mara ya mwisho alipanda ngazi siku lifti ilipoharibika: hawa ndio wageni wengi wa kesho, na hasa Waganda wenzetu wanaokuja wikiendi. Hawaitaki Wagagai, ila hawakufunga safari yote hiyo kwa picha moja ya maji. Wanataka njia ya saa mbili au tatu inayolingana na magoti yao. Njia hiyo ipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuwaambia kwa uaminifu ni ipi.

Na mtu huyo, niseme wazi, asiwe mmoja wetu peke yake. Sisi tuliozaliwa kwenye miinuko hii hatufai kuwa kipimo cha mtu yeyote. Hii ndiyo nchi ya Stephen Kiprotich aliyechukua dhahabu ya marathoni London mwaka 2012, na ya Joshua Cheptegei mwenye dhahabu ya mita 5,000 ya Tokyo na ya mita 10,000 ya Paris. Watoto wetu hupanda kwenda shule mwinuko ambao mgeni hulipa pesa kuupanda. Muulize mzee yeyote wa hapa mahali fulani pana umbali gani, atanyoosha kidevu na kukwambia "hapo tu". Hapo tu hiyo imewahi kuchukua asubuhi nzima ya watu wazima wenye afya zao. Hakudanganya, kwake yeye ni hapo tu.

Nitoe mfano mmoja. Mama mmoja wa makamo, goti lake la kulia limefanyiwa upasuaji, aliuziwa safari na wakala fulani wa mjini kwa maelezo kwamba kwenda chini ya maporomoko makubwa ya Sipi ni matembezi mepesi. Maporomoko hayo yana urefu wa karibu mita 100, na njia inayofika chini yake inashuka korongoni kwa mteremko mkali, penye utelezi wa manyunyu hata jua likiwaka. Alishuka akicheka. Kurudi, alikaa juu ya jiwe mara nyingi kuliko alivyotembea, na mwishowe vijana wawili wakamshika mikono. Hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini aliondoka akijiona mzee na mdhaifu, wakati angepelekwa njia ya ukingoni angeyaona maji yaleyale kutoka juu, akanywa kahawa ya arabika iliyochumwa shamba la jirani, akaondoka akiahidi kurudi na dada zake.

Hilo la kushuka kwanza ni la Sipi hasa, na mtu wa ofisini hawezi kulijua bila kulitembea. Kwenye mlima wa kawaida unapanda ukiwa na nguvu na kurudi ukishuka, kwa hiyo ukichoka katikati unageuka na mteremko unakusaidia. Kwenye makorongo yetu mambo ni kinyume. Nusu rahisi iko mbele, nusu ngumu inakungoja mwisho, jua likiwa limepanda na chupa ya maji imekwisha. Kibao kinachosema "kilomita 2" pale juu hakijasema kitu. Kinachotakiwa kusemwa ni kwamba utashuka mita kadhaa na kwamba zote, hadi ya mwisho, utazirudisha kwa miguu yako.

Ndiyo maana naomba kilomita zisiwe kichwa cha kibao. Uswisi, ambako watu wamekuwa wakitembea milimani kwa kujifurahisha tangu zamani, vibao vya njia humwonyesha mtu muda, na rangi humwonyesha ugumu: njano kwa njia za kawaida, nyeupe-nyekundu-nyeupe kwa njia za mlimani, nyeupe-bluu-nyeupe kwa zile ambazo mtu asiyezoea asizikanyage. Chama chao cha wapanda milima kina mizani ya ngazi 6. Siombi tuige ngazi zote 6. Tatu zinatutosha, au nne tukihesabu kilele. Ila wazo la muda na rangi ni zuri, kwa kuwa hata asiyesoma analielewa.

Muda wenyewe hukadiriwaje? Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, Naismith, ya mwaka 1892, ambayo wapanda milima bado wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Ijaribuni kwenye njia ya kwenda kileleni iitwayo Sasa, inayoanzia Budadiri. Siku ya kwanza peke yake inapanda zaidi ya mita 1,600. Kabla hujahesabu umbali wowote, mwinuko huo umeshakula saa mbili na dakika arobaini, na Naismith alikuwa anamfikiria mtu mwenye mwili mkakamavu, kwenye hali ya hewa nzuri, asiyebeba mzigo wa kulala nje.

Hapo ndipo matangazo yanapokosea zaidi. Njia hiyo ya Sasa huuzwa kama njia fupi ya kufika Wagagai, na ni kweli ni fupi. Msomaji anasikia fupi, anaelewa nyepesi. Kumbe ndiyo kali kuliko zote, yenye genge la Mudangi lisilomhurumia mtu. Njia ya Piswa inayoanzia Kapkwata ni ndefu, lakini inapanda polepole na kuuzoesha mwili hewa nyepesi ya juu. Ile ya Sipi, inayoanzia Kapkwai, ina mwendo wake wa kati na mapango njiani. Ningekuwa na mdogo wangu anayepanda kwa mara ya kwanza, ningempeleka Piswa na kumshusha kwa njia nyingine. Hili kila mpagazi wa hapa analijua. Mgeni anayelipia safari akiwa nyumbani kwake mbali huko hana pa kulisoma.

Kisha kuna mvua. Udongo wetu ni wa volkano ya kale, mwekundu na mnene, mtamu kwa kahawa na ndizi. Ukinyeshewa usiku mmoja, unageuka sabuni. Njia ambayo mwezi wa Januari naipita na watoto wa shule, mwezi wa Mei siipiti na mtu mzima asiye na fimbo. Kwa hiyo kibao chenye kiwango kimoja mwaka mzima kitakuwa kinasema uongo nusu ya mwaka. Naomba kila njia iwe na viwango viwili, cha kiangazi na cha mvua, vimeandikwa pamoja. Hili sijaliona likifanywa kwingine, lakini mlima ni wetu na tope ni letu.

Mvua yenyewe si jambo la mzaha kwetu. Bududa mwaka 2010, Bukalasi mwaka 2018, Bulambuli Novemba 2024: mlima huuhuu tunaouuzia wageni umefukia watu wetu na nyumba zao. Njia ya miguu iliyokatwa moja kwa moja kushuka mteremko hugeuka mfereji, mfereji hugeuka korongo, na korongo halirudi kuwa njia. Kwa hiyo anayepima viwango apime pia hali ya udongo, na awe na mamlaka ya kufunga njia siku hiyohiyo, tangazo likafika kwa waongozaji kwa simu kabla wageni hawajatoka hotelini. Vijiti vya kuchepusha maji na ngazi za mawe ni kazi ya vijana wa kijiji na majembe. Kwenye vinamasi vya Ruwenzori walilaza njia za mbao juu ya tope, mtu akapita. Sisi hatuhitaji mbao nyingi hivyo. Tunahitaji mifereji na mtu wa kuizibua.

Kuhusu walio juu ya mita 3,000, nitasema neno moja ambalo wenzangu huogopa kulisema. Mwongozaji anapoona mgeni anaumwa kichwa kwa hewa nyepesi, anatapika, hatua zinapotea, anajua la kufanya ni kumshusha. Lakini anajua pia kwamba mgeni asiyefika kileleni hununa, bahshishi haitoki, na pengine wakala hamwiti tena. Wekeni kanuni iliyoandikwa: mwongozaji akiamua kugeuza, uamuzi ni wa mwisho na malipo yake ni kamili. Na kila lango liwe na machela. Huku mtu aliyevunjika mguu hubebwa mabegani mwa watu, na afadhali abebwe kwenye kitu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo kuliko kwenye matawi yaliyofungwa kwa kamba.

Sasa nije kwenye jambo linalotuletea ugomvi mwingi kuliko tope. Maporomoko ya Sipi yako nje ya hifadhi. Njia za kuyafikia zinapita kwenye mashamba ya watu, katikati ya mibuni na migomba yao, na kila mwenye shamba ana haki ya kudai chochote mtu akipita. Silalamiki juu ya hilo hata kidogo. Anayekanyagiwa shamba na wageni kila wiki asipopata kitu, kwa nini afyeke njia? Tatizo ni kwamba mgeni hulipa hapa, akatembea kidogo akalipa pale, akavuka kijito akaombwa tena, bei ikitegemea rangi ya ngozi yake na hali ya hewa ya siku hiyo. Wengine hugeukia katikati si kwa kuchoka bali kwa kukasirika. Mtu huyo akifika nyumbani hasemi "nililipa mara nne". Husema "watu wa Sipi ni wezi", nasi si wezi.

Ndani ya hifadhi sheria iko wazi: asilimia 20 ya ada za kiingilio hurudi kwa jamii za jirani. Nje ya hifadhi hakuna mpango kama huo, na hapa ndipo wilaya inahitajika kuliko mtu mwingine yeyote. Iwepo tiketi moja ya maporomoko yote matatu, bei imeandikwa ukutani, na mgawo wa kila mwenye shamba umekubaliwa mbele ya wazee na mwenyekiti wa kijiji, unalipwa kwa simu kila mwezi. Njia ikiwa nyepesi zaidi kwa sababu mwenye shamba ameitunza, ameweka ngazi na kamba ya kushikia, mgawo wake upande pia. Ikiwa imeharibika na kibao kimebadilishwa kuwa cha ugumu zaidi, mgawo upungue mpaka aitengeneze. Mkifanya hivyo hamtahitaji kuajiri mkaguzi, jirani atamkagua jirani.

Mtauliza wenye viti vya magurudumu na wazee kabisa wanaingia wapi. Wanaingia mwanzoni. Sehemu ya ukingo unaotazama maporomoko makubwa imekaribia kuwa tambarare. Panahitajika changarawe iliyoshindiliwa, upana wa kutosha viti viwili kupishana, ukuta mfupi upande wa genge na benchi kila baada ya mwendo mfupi. Ni kazi ndogo. Njia hiyo ipewe kiwango cha kwanza kabisa, na isiitwe njia ya walemavu. Iitwe njia ya ukingoni, kila mtu aipite.

Tusisahau kwamba njia hizi hazikuanza na watalii. Ni za akina mama wanaopeleka maziwa sokoni, za wakata malewa, yale machipukizi ya mianzi, za wafugaji. Wabenet, jamii ya huko juu mlimani, walizikanyaga mlima huu haujawa hifadhi ya mtu, na makubaliano yaliyothibitishwa na Mahakama Kuu mwaka 2005 yaliwatambua kuwa wenyeji wa kihistoria wa maeneo yale. Mgogoro wa ardhi yao hauwezi kumalizwa na kibao cha njia, wala sitajifanya kwamba unaweza. Lakini timu ya kupima njia za juu ikiundwa bila Mbenet hata mmoja, itakuwa imeanza kwa kosa, maana hakuna anayejua maji yanakopita wakati wa mvua kama mtu aliyechunga ng'ombe kule. Majina ya mahali yaandikwe wanavyoyatamka wao.

La lugha ni jepesi. Kiingereza kiwepo, hakuna anayekipinga. Ila tangu lami ifike Suam mpakani, majirani wa Kitale nchini Kenya wanakuja kwetu, na wao pamoja na askari wetu, madereva na wafanyabiashara wa mpakani husemezana kwa Kiswahili. Baraza la mawaziri lilikwishapitisha mwaka 2022 kwamba kiwe lugha rasmi. Basi kianze kufanya kazi mahali kinapookoa mtu: NJIA HII INATELEZA. GEUKA KABLA YA SAA KUMI. Maneno machache, makubwa, kwa rangi nyekundu.

Nimesikia jibu tutakalopewa, kwa sababu ofisi moja nilipopeleka ombi kama hili niliambiwa kwamba kuandika "ngumu" kwenye kibao kutafukuza wageni. Nimewaongoza wageni wa kutosha kujua kwamba kinachowafukuza ni kushtukizwa. Yuko atakayekuja kwa sababu kibao kimesema ngumu, kijana anayetaka kujipima na mlima uliotoa mabingwa. Na yuko atakayekuja kwa sababu kibao kingine kimesema nyepesi, na asubuhi ile kikawa kweli nyepesi.

Tunachoomba kwa mwaka huu si mlima mzima. Tuanze na njia chache: mizunguko mitatu ya Kapkwai, kwa kuwa iko chini ya mwenye hifadhi mmoja na haina mgogoro wa mashamba, pamoja na njia ya ukingoni na ile ya korongoni hapa Sipi. Tuzipime mara mbili, mara moja mwezi wa Februari kukiwa kukavu na mara moja mwezi wa Mei. Katika kila kikundi cha wapimaji awepo mwenyeji, awepo askari wa hifadhi, na awepo mtu kutoka Kampala au Entebbe ambaye hajazoea kupanda, aliyezidi miaka hamsini, tena ikiwezekana awe mmoja wenu mnaosoma barua hii. Saa atakayoishika yeye ndiyo iandikwe kwenye kibao.

Gambuti tutamtafutia. Atutumie tu namba ya kiatu chake mapema, maana za watu wazima wenye miguu mikubwa huisha haraka dukani Kapchorwa.

Wenu katika kazi,
Mwongozaji wa wageni, Sipi